Jaketi Nene la Mama

Kama ungemuuliza mtu yeyote pale gatini akuonyeshe fundi wa nguo, asingekuuliza fundi yupi. Angenyoosha kidole kwenye chumba cha tatu kutoka kibanda cha tiketi, chenye mlango wa bluu uliopauka na cherehani iliyotazama nje, akakwambia, "Nenda kwa Haionekani." Jina hilo hakupewa na wazazi wake, alipewa na wateja. Unampelekea suruali iliyochanika gotini, kesho yake unaifuata, unaigeuza huku na huku ukitafuta kiraka kilipo, unaishia kusema, "Mbona haionekani?" Naye anakujibu bila kuinua macho, "Ndiyo kazi yangu."

Alijua kujidai, tusifichane. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, asiye na mume wala shida ya mume, kama mwenyewe alivyopenda kusema, na aliishi na mama yake kwenye vyumba viwili nyuma ya kile cha kushonea. Sifa zilimlewesha. Ukimsifu mshono, anakukazia na kifungo ambacho hukukileta. Ukimkosoa, nguo yako inakaa kwenye rundo la chini mpaka uje kuomba msamaha. Ndivyo alivyokuwa, na watu walimpenda hivyohivyo kwa sababu mkono wake ulikuwa mzuri kweli.

Kaka yake mkubwa ndiye aliyemletea balaa, ingawa hakukusudia. Alikuwa nahodha wa boti ya abiria, boti ndefu ya mbao yenye injini moja nyuma na turubai la kivuli juu, inayovuka ziwa asubuhi na kurudi mchana. Mkuu wa gati alikuwa ametangaza kwamba boti isiyo na jaketi la kuokolea kwa kila abiria haitoki. Majaketi yalikuwapo, ila yalikuwa taabani. Kitambaa kimechanika, kamba zimekatika, na ndani yale mapande meupe mepesi, ya aina ile inayowekwa kwenye maboksi ya televisheni, yamesagika yamekuwa chenga. Nahodha akayajaza kwenye gunia, akaja kuyamwaga mlangoni kwa dada yake.

"Haya, mdogo wangu, yafufue."

"Hizi ni maiti, kaka."

"Ndiyo maana sikumpelekea mwingine."

Basi, alishaguswa penyewe. Kitambaa cha rangi ya machungwa alikuwa nacho, utepe unaong'aa alijua pa kuupata. Kilichokosekana ni cha kujazia. Ng'ambo ya mtaa palikuwa na muuza magodoro, na kila jioni mlangoni kwake palikuwa na lundo la vipande vya sponji vilivyobaki baada ya kukata. Haionekani akavuka, akaokota kimoja, akakiminya, akakirusha juu akakidaka. Chepesi. Na kitu chepesi kinaelea, nani asiyejua hilo? Akakusanya vya kujaa mikono miwili, akarudi kwenye cherehani yake.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na nitalisema wazi nisije nikaonekana namtetea: hakuuliza. Mabaharia walikuwa wamejaa gatini, wengine wamezeeka majini, na wala isingemgharimu zaidi ya salamu. Lakini fundi mwenye sifa ana ugonjwa huo. Akiuliza anaona amepungua.

Majaketi yalipotoka yalikuwa mazuri kuliko mapya. Mishono imenyooka, kamba zimekazwa, mabega yamekaa. Mkuu wa gati aliyapitia moja moja akiyahesabu. Alihesabu tu, hakuyabonyeza, wala hakulitupa hata moja majini. Boti nyingine mbili nazo zikaleta magunia yao. Ndani ya miezi miwili Haionekani alikuwa ameshashona majaketi arobaini na moja. Usidhani abiria waliyavaa. Waliyakalia. Mbao za boti ni ngumu, na sponji ile ilikuwa raha, kiasi kwamba watu walianza kuichagua boti ya kaka yake kwa ajili ya makalio yao.

Aliyelivaa alikuwa mmoja tu, mama yake. Bibi yule alikuwa na dada yake ng'ambo ya ziwa, na kila baada ya wiki mbili tatu alivuka kwenda kumjulia hali. Binti alimshonea jaketi la peke yake. Alimwekea sponji mara mbili, kifuani na mgongoni, akamtilia na kola nene ya kuegemeza shingo. Mama alilivaa tangu mlangoni, akapita nalo mtaa mzima, na kila aliyemsalimu aliambiwa, "Hili kanishonea mwanangu." Watu walimtania kwamba anavukia ziwa barabarani. Yeye alicheka nao na hakulivua.

Sasa nije kwenye siku aliyojua. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Jaketi moja lilikuwa limemwagikiwa na mafuta ya injini, likaletwa lifuliwe. Haionekani akajaza beseni kubwa maji, akalitumbukiza, likaelea. Akaja mteja wa sketi, akaenda kumpima kiuno, wakaongea maneno yao. Aliporudi uani hakuliona jaketi. Alidhani limeibwa. Kisha akainama akaliona, limelala chini ya beseni, limetulia.

Alilitoa kwa mikono miwili. Lilikuwa zito kama mtoto aliyelala, na maji yakamiminika humo muda mrefu. Akachukua kipande cha sponji peke yake akakijaribu. Kikaelea, akakikandamiza kidogo, kikaanza kunywa maji, kikazama. Akajaribu kingine. Mara ya tatu alikaa chini sakafuni, mikono inachuruzika, akasikia uso wake wote unawaka.

Ungetegemea avae kandambili akimbie gatini. Hata yeye alitegemea hivyo. Alikaa pale uani akipanga maneno ya kumwambia kaka yake, na kila alivyoyapanga aliziona nyuso za watu. Aliwaona wakigeuza majaketi huku na huku, safari hii si kutafuta kiraka. Akajiambia atasema kesho. Kesho yake akajiambia kwanza atafute vya kujazia vinavyofaa, ayabadilishe kimyakimya moja moja, wala mtu asijue. Hakutafuta. Ziwa lilikuwa limetulia siku zile, na utulivu ule ukamsaidia kujidanganya. Majaketi yenyewe yanakaliwa tu, alijiambia. Nani atadhurika kwa kukalia?

La mama yake lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na usiku alilala akiliangalia. Angeweza kulichukua. Lakini mama angeuliza kwa nini, naye hakuwahi kuweza kumdanganya yule bibi usoni, na siri ikishatoka kwa mama imetoka. Kwa hiyo akaliacha. Nalirudia kwa sababu baadaye mwenyewe alilisema hivyohivyo, bila kulipamba: akaliacha.

Zikapita wiki tatu. Alhamisi moja asubuhi mama akasimama katikati ya chumba cha kushonea, mikono ameinua kidogo, kama ilivyokuwa desturi yao.

"Nifunge kamba, mwanangu. Kaka yako hanisubiri."

Haionekani akainuka kwenye cherehani. Akafunga kamba ya juu, ya kati, ya chini. Vidole vyake vilikuwa vya baridi na mama akamwambia hivyo. Kabla hajamwachia alisema, "Mama, si ungeenda wiki ijayo?"

"Wiki ijayo kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Basi naenda leo," akasema mama, akatoka.

Mpaka saa saba mchana mbingu ilikuwa safi. Kisha upepo ukakata kabisa, joto likawa la kero, na upande wa mbali wa ziwa likaonekana wingu jeusi, chini yake mstari mweupe juu ya maji. Wanaoijua kazi waliacha walichokuwa wakifanya. Mstari mweupe ule ni mawimbi yaliyokwisha kupigwa na upepo, na yanakuja mbio kuliko mtu anavyodhani. Wavuvi waliokuwa karibu walivuta mitumbwi nchi kavu. Ndani ya dakika kumi mabati ya kibanda cha tiketi yalikuwa yakigongana, mvua inaanguka kwa mshazari, na ziwa halionekani hatua hamsini mbele. Boti ya nahodha ilikuwa imeshatoka ng'ambo, ina abiria ishirini na wawili.

Haionekani alikimbia gatini na futi yake ya kitambaa ingali shingoni. Alisimama mvuani, na watu wakamvuta chini ya kibaraza. Mkuu wa gati, mtu mzima mwenye kitambi na filimbi, akamshika bega.

"Usijitie presha, fundi," akasema. "Bora hata wao wamevaa kazi ya mikono yako. Wangekuwa na yale matambara ya zamani hapo ningelia."

Mwanamke mmoja ambaye mumewe alikuwa humo akamshika mkono. "Mungu akubariki, dada," akasema.

Sijui kama umewahi kushukuriwa kwa kitu unachojua kitamuua mtu. Haionekani alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi haikumsaidia. Maneno yalimfika mdomoni. Lakini angesema nini sasa, na kwa faida ya nani? Angemwongezea tu yule mke hofu. Hivyo ndivyo alivyojitetea, hata pale, hata saa ile. Akaupokea mkono wa yule mwanamke na akanyamaza, muda wa saa tatu na zaidi, akilifikiria jaketi la mama yake lenye sponji mara mbili.

Saa kumi na moja, mvua imekwisha na maji yangali na hasira, boti ilionekana ikija polepole kutoka upande wa kisiwa cha matete. Watu wakaihesabu kabla haijafika. Ishirini na wawili, na nahodha. Wote.

Mazungumzo yaliyofuata yalikuwa vurugu, lakini habari yenyewe ni hii. Nahodha aliliona lile wingu mapema na hakushindana nalo. Alilivua turubai la kivuli kabla upepo haujalishika, kwa sababu turubai likishikwa linaipindua boti. Aliwaketisha watu wote chini sakafuni, mizigo katikati, na aliyethubutu kusimama alitukanwa mpaka akakaa. Akapunguza mwendo wa injini, akayaelekea mawimbi kwa pembe kidogo bila kuyapa ubavu. Watu wanne walichota maji kwa mabeseni yao wenyewe. Wala hakukimbilia gatini, ambako mawe yangewapasua. Alijikongoja mpaka nyuma ya kisiwa, upepo usikofika, wakashuka kwenye matete wakangoja. Kilichowaokoa ni kichwa cha nahodha. Lakini waliposhuka gatini, wakitetemeka, walikuwa wameyakumbatia majaketi. Kinyozi wa pale gatini, mtu wa maneno mengi, alilibusu lake mbele ya kila mtu.

"Fundi huyu ajengewe sanamu," akasema. "Nilijua nikianguka haya yatanishika."

Watu wakacheka wakalia. Haionekani alikuwa akimtafuta mama yake. Bibi aliketi kwenye ukingo wa boti, bila jaketi, amefunikwa koti la mwanawe. Nahodha akashuka akiwa amelibeba jaketi lile nene mkononi. Alitembea mpaka kwa dada yake, akampa. Lilimvuta mikono chini.

"La mama limelowa," akasema taratibu, asisikike na wengine. "Alipokanyaga maji kwenye matete yalimfika kifuani tu, lakini akaenda chini. Nilidhani kuna shimo. Nilipomshika ndipo nikajua uzito unatoka wapi."

Haionekani akafungua mdomo.

"Lianike," akasema nahodha. "Wengine hawajajua. Mtu aliyelowa mpaka mifupani hajui uzito upi wa nguo na upi wa woga. Tutaongea."

Hakumfokea. Angemfokea ingekuwa nafuu. Alimwangalia jinsi unavyomwangalia mtu uliyekuwa ukijivunia, kisha akageuka akaenda kuifunga boti. Alimsitiri dada yake mbele ya umati, na sitara ile ilimwingia Haionekani kuliko tusi.

Kesho yake mkuu wa gati alizuia boti zote zisitoke mpaka aseme neno. Abiria walijaa, mizigo miguuni. Akasimama juu ya kreti, akamwita fundi mbele. Akasema kuanzia leo kila boti ya gati hili, na hata za gati jirani, majaketi yake yapelekwe kwa Haionekani. Watu wakapiga makofi. Kaka yake alisimama nyuma kabisa, ameikazia macho kamba aliyokuwa akiikunja.

Haionekani hakuwa na hotuba. Akaomba jaketi moja kavu kutoka kwenye boti, na kafi. Akaenda ukingoni, akalitupa jaketi majini. Likaelea vizuri, rangi yake inapendeza. Makofi yakaongezeka.

"Si mnaona?" akasema kinyozi.

"Subirini," akasema Haionekani.

Akaanza kulikandamiza kwa kafi, jinsi mtu anayetapatapa angelikandamiza. Linazama kidogo, linarudi. Watu wakadhani anaonyesha ubora, wengine wakamtia moyo. Mmoja akauliza kama atalipigapiga mpaka mchana, wakacheka. Naye akaendelea, ameinamisha kichwa, anajua mwisho wake, na hapakuwa na namna ya kuuharakisha. Jaketi likaanza kurudi juu kwa uvivu. Kisha likarudi nusu. Kicheko kikapungua upande wa mbele kwanza. Kisha likakaa sawa na maji, kola yake ikainama, likashuka. Maji ya pale yalikuwa safi, wakaliona likienda mpaka kwenye mawe.

"Nimejaza sponji ya godoro," akasema. "Yote arobaini na moja. Mwanzo sikujua. Wiki tatu sasa najua. Nilinyamaza kwa kuogopa aibu."

Kinyozi alikuwa na jaketi mkononi, akaliweka chini taratibu akajipangusa kiganja kwenye suruali. Yule mwanamke aliyemwombea baraka jana alimtazama, akachukua kikapu chake akaondoka. Mkuu wa gati alishuka kwenye kreti. Naye uso ulikuwa umemshuka, kwa kuwa alikuwa ameyahesabu yote na hakulibonyeza hata moja. Boti hazikutoka siku ile wala siku nne zilizofuata. Haionekani aliyabeba majaketi yote mwenyewe mpaka kwake, mafungu sita, akipita katikati ya watu, na hakuna aliyemsaidia hata kaka yake.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na cherehani alipoingia na fungu la mwisho. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Alimwacha binti ashushe mzigo, apumue, akae.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Wiki tatu, mama."

Mama akahesabu kimoyomoyo. Ilionekana anahesabu.

"Jana asubuhi, uliponifunga kamba. Ulikuwa unajua?"

Angeweza kusema lolote. Alishasema mbele ya gati zima, na akadhani lile ndilo lililokuwa gumu.

"Nilikuwa najua," akasema.

Mama aliinama akaokota uzi mmoja sakafuni, akauviringisha kidoleni, akauweka juu ya meza ya cherehani. "Ndiyo maana vidole vilikuwa vya baridi," akasema. Kisha akainuka akaenda kubandika chai, na chai ilipoiva alimletea kikombe chake kama siku zote.

Hiyo ni miaka tisa iliyopita. Leo nje ya mlango wa bluu kuna pipa la maji, na jaketi lolote linalopita kwa yule fundi, awe amelitia mshono mmoja tu, linafungiwa jiwe la kulijaribu na kulazwa humo siku nzima. Likishuka hata kidogo halirudi kwa mwenyewe. Vya kujazia alifundishwa na mabaharia, aliowauliza mmoja mmoja, na waliomcheka aliwavumilia. Jina la Haionekani lilikufa. Vijana wa sasa wanamwita Mama Pipa, hawajui kwa nini, naye huitika.

Mama yake bado anavuka kwenda kwa dada yake, ingawa miguu imechoka. Jaketi lake jipya ni jembamba na si zuri, na limelala kwenye pipa mara nyingi kuliko yote. Siku ya safari hulitoa msumarini, akasimama katikati ya chumba cha kushonea. Binti huacha kazi, huinuka, mikono tayari.

"Kaa, mwanangu," mama humwambia kwa upole, na vidole vyake vya uzee hupapasa kamba ya juu, ya kati, ya chini, mpaka azifunge zote tatu mwenyewe.